Mbarika wa Mghange na herufi moja inayosimamisha kiwanda

Wengi wenu mmezoea kunikuta hapa nikizungumzia programu, hifadhidata na namna ya kufufua kompyuta iliyogoma kuwaka. Leo nitatoka kidogo nje ya kompyuta. Vumilieni tu, maana mtaona sikwenda mbali.

Kwetu ni Mghange, juu kwenye milima ya Taita. Ukitoka Voi unapita Mwatate, unapanda kona baada ya kona hadi Wundanyi, unaendelea Werugha, na hapo baridi inaanza kukukumbusha koti uliloliacha nyumbani. Kule kuna kabichi, viazi, mahindi na migomba. Na kando ya njia, penye mashimo ya taka na nyuma ya nyumba, kuna mbarika. Wengine huuita mbono, na mafuta yake ndiyo yale ya nyonyo. Majani yake ni makubwa, yamegawanyika kama kiganja chenye vidole vingi. Mbegu zake zina madoadoa na zinang'aa kama kupe aliyeshiba. Si mimi niliyeanza kuona hivyo: jina lake la kisayansi, Ricinus, ndilo neno la Kilatini la kupe.

Marehemu nyanya alituachia tucheze na majani yake, tukajifanyia miavuli. Mbegu alizikataza. Hakutueleza kwa nini. Alisema tu kwamba mtoto akiitia mbegu mdomoni hatamaliza siku vizuri.

Sasa ruka nami hadi Aprili 2020. Korona imeingia nchini, watu wamefungiwa, na ujumbe wa WhatsApp unazunguka kuliko matatu. Mjomba akanipigia simu kutoka Mghange.

"Mpwa wangu, wewe si mtu wa kompyuta? Hebu nisomee hapa. Wanasema kuna mimea yenye protini ya kuzuia virusi, na jamaa yake ni mbarika. Sasa huu si ndio tunao nyuma ya choo miaka yote? Nikitwanga mbegu chache nikachemsha, si tumepona?"

Nikamwambia: mjomba, usithubutu. Akaniuliza: kwa nini? Nikakwama. "Nyanya alikataza" si jibu la kumpa mtu mzima mwenye hofu. Nikaahidi kumpigia jioni, nikaanza kusoma. Niliyoyakuta ni historia ya zaidi ya miaka mia moja, na ndani yake ujumbe ule ulikuwa na ukweli nusu. Ukweli nusu ndio hatari zaidi.

KIWANDA NDANI YA SELI

Tuanze na mashine yenyewe. Ndani ya karibu kila seli ya mwili wako, ya mbarika, na ya bakteria pia, kuna vijimashine vinavyoitwa ribosomu. Kimoja kina upana wa kama sehemu 25 hadi 30 za milioni ya milimita. George Palade aliviona kwa hadubini ya elektroni na kuvieleza mwaka 1955, na mwaka 1974 akashiriki Tuzo ya Nobel. Seli moja ya binadamu inaweza kuwa navyo kwa mamilioni.

Kazi yake ni kusoma na kuunganisha. Maagizo ya jeni huandikwa kwenye uzi wa RNA kwa herufi nne: A, U, G na C. Ribosomu inaushika uzi huo, inasoma herufi tatu tatu, na kwa kila tatu inaongeza kipande kimoja cha asidi amino kwenye mnyororo. Mnyororo ukikamilika ndio protini. Ninyi waandishi wa programu mnaijua mashine ya namna hii: inapewa msimbo, inausoma mstari kwa mstari na kutekeleza. Haiulizi nani aliuandika.

Hapo ndipo virusi vinapopata mwanya. Kirusi hakina ribosomu. Ni kama flashi diski yenye programu mbaya: peke yake mezani haifanyi lolote. Lazima ichomekwe kwenye kompyuta ya mtu. Kirusi kikiingia ndani ya seli, ribosomu za mwenye nyumba zinayasoma maagizo yake bila kujua, zinatengeneza protini zake, na hatimaye virusi vipya vinatoka.

Kwa hiyo ukitaka kukizuia kirusi una njia mbili. Ya kwanza, mshambulie mgeni mwenyewe. Ya pili, zima mashine anayoiazima. Shikeni tofauti hiyo, kwa sababu wanasayansi wenyewe iliwachukua karibu nusu karne kujua walikuwa wanatazama njia ipi.

NJIA YA KWANZA YA HISTORIA: SUMU

Mwaka 1888, katika Chuo Kikuu cha Dorpat (leo mji huo unaitwa Tartu, nchini Estonia), mwanafunzi Hermann Stillmark aliandika tasnifu kuhusu sumu ya mbegu za mbarika. Alionyesha kwamba sumu hiyo ni protini, akaiita risini. Hilo lilishangaza, maana sumu za mimea zilizokuwa zinajulikana vizuri zilikuwa kemikali ndogo ndogo za jamii ya kwinini na nikotini.

Mwaka 1891, Paul Ehrlich wa Ujerumani aliwalisha panya risini kidogo kidogo, akiongeza kipimo polepole, hadi wakahimili kiasi ambacho kingewaua wenzao. Alifanya vivyo hivyo kwa abrini, sumu ya zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo huku pwani hutungwa shanga na wengi huziita tipitipi. Panya aliyezoea risini hakuwa na kinga dhidi ya abrini, wala kinyume chake. Ehrlich akaonyesha hivyo kwamba kinga ya mwili inamtambua adui mmoja mmoja. Yaani elimu ya chanjo inadaiwa na mimea miwili ambayo watoto wa Voi huiona kila siku!

Lakini risini inauaje hasa? Hakuna aliyejua. Ribosomu ilikuwa bado haijagunduliwa.

NJIA YA PILI: KINGA YA TUMBAKU

Wakati huo huo, mbali kabisa na habari za sumu, kulikuwa na watu wa mimea. Mwaka 1925 Benjamin Duggar na Joanne Armstrong, kule St. Louis nchini Marekani, walichapisha majaribio yao kuhusu ugonjwa wa batobato wa tumbaku, ambao husababishwa na kirusi. Walichanganya maji ya majani yenye kirusi na maji ya mimea mingine mbalimbali, kisha wakapaka mchanganyiko huo kwenye tumbaku nzima kuona kama itaugua.

Mmea mmoja ulishinda: Phytolacca americana, gugu kubwa la Marekani lenye vitunda vya zambarau. Maji yake yalipochanganywa na kirusi, tumbaku haikuambukizwa.

Wewe ungefikiria nini? Bila shaka ungesema maji yale yanaua kirusi. Ni rahisi kufikiri hivyo. Protini iliyohusika ilikuja kuitwa protini ya Phytolacca ya kuzuia virusi, kwa kifupi PAP, na jina hilo limebaki mpaka leo. Naomba mlitazame vizuri jina hilo, maana ndilo lililosafiri hadi kwenye simu ya mjomba wangu.

NJIA ZINAKUTANA

Miaka ya 1970 ndipo mambo mawili yalipogongana. Kule Oslo, Sjur Olsnes na Alexander Pihl walionyesha kwamba risini ina vipande viwili vilivyofungwa pamoja. Kipande B kinanata kwenye ngozi ya seli na kusaidia kupenya. Kipande A ndicho kinachoingia na kusimamisha utengenezaji wa protini, kwa kuiharibu sehemu kubwa ya ribosomu.

Na mwaka 1973 timu mbili tofauti za Marekani zilikuta kwamba PAP nayo inafanya kazi ile ile. Haikigusi kirusi cha tumbaku. Inazima ribosomu. Yaani "dawa ya virusi" na "sumu ya mbarika" zilikuwa ndugu wa ukoo mmoja! Tofauti kubwa ni kwamba PAP ina kipande kimoja tu, kinachofanana na A. Haina B, kwa hiyo hupenya kwa shida kwenye seli nzima yenye afya. Ndiyo maana risini ni hatari zaidi. Ni kama wezi wawili wenye ujuzi sawa, ila mmoja ana ufunguo wa mlango.

Lakini bado swali: inaharibu nini ndani ya ribosomu? Watafiti walipima, wakakuta ribosomu iliyozimwa inaonekana nzima kabisa. Hakuna kipande kilichokatika. Kila aliyewahi kutafuta kosa kwenye programu ya maelfu ya mistari anaijua hali hii: kila kitu kipo mahali pake, lakini haifanyi kazi.

Jibu lilikuja mwaka 1987 kutoka kwa Yaeta Endo na wenzake huko Japani. Walichunguza RNA ya ribosomu ya panya. (Ribosomu yenyewe imejengwa kwa RNA pamoja na protini.) Uzi mkubwa zaidi una herufi zaidi ya 4,700. Risini ilikuwa imeng'oa herufi moja tu: A iliyo nafasi ya 4,324. Uti wa uzi haukukatwa. Herufi yenyewe iling'olewa kutoka kwenye uti, ikabaki pengo, mfano wa jino lililong'oka huku ufizi ukiwa mzima.

Herufi moja kati ya 4,700. Mtu aliyesahau nukta-mkato moja akakesha usiku kucha anaelewa.

Muda mfupi baadaye ilionekana kwamba protini nyingine za ukoo huu, PAP ikiwemo, zinang'oa herufi ile ile. Hapo mahali pameandikwa GAGA, na A ya kwanza ndiyo inayong'olewa. Mfuatano wa herufi zinazoizunguka karibu haubadiliki katika viumbe wote, kutoka bakteria hadi mwanadamu. Katika mabilioni ya miaka kila kitu kingine kimerekebishwa, huo haukuguswa. Nasi tunajua maana ya sehemu ya msimbo ambayo hakuna anayethubutu kuigusa.

Kwa nini ni muhimu hivyo? Fikirieni cherehani ya fundi pale sokoni Wundanyi. Sindano inapanda na kushuka, lakini chini ya kitambaa kuna yale meno yanayokisogeza mbele baada ya kila mshono. Meno yasipokamata, sindano itapiga pale pale na nguo haitasonga. Ribosomu nayo ina msaidizi wa kuisogeza mbele kwenye uzi kila inapoongeza kipande. Kwenye seli zetu msaidizi huyo ni protini iitwayo eEF2, na ile A iko kwenye sehemu anayojishikiza. Ikiondoka, hashiki vizuri. Mashine inakwama katikati ya kazi. Na molekuli moja ya kipande A cha risini ikishamaliza ribosomu moja inahamia nyingine: inakadiriwa zaidi ya elfu moja kwa dakika.

MMEA UNAJITOA MHANGA

Sasa turudi kwenye tumbaku na mwaka 1925. Kama PAP haiui kirusi, kinga ilitoka wapi?

Mwaka 1986 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walionyesha kwamba mmea wa Phytolacca huiweka PAP nje ya utando wa seli, kwenye kuta zinazozizunguka. Ni akili sana. Mmea usingeweza kuikalisha karibu na ribosomu zake, maana majaribio ya mwaka 1994 yalithibitisha kwamba PAP huharibu hata ribosomu za mmea wake wenyewe. Kwa hiyo imefungiwa ukutani kama bunduki ndani ya sanduku.

Maelezo waliyopendekeza ni haya. Kirusi cha mmea hakiwezi kutoboa ukuta chenyewe. Husubiri mdudu afyonze au jani likwaruzwe. Jeraha likitokea, kirusi kinaingia, na PAP iliyokuwa ukutani inamwagikia ndani pamoja nacho. Ribosomu zinazimwa. Kirusi kinajikuta ndani ya nyumba isiyo na umeme. Seli ile moja inakufa, kirusi hakizaliani, na majirani wanapona.

Haikuwa dawa, wasomaji wangu. Ilikuwa seli inayojiua ili jani liishi.

Historia haijafungwa hapo, na ni haki niseme. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Nilgun Tumer na wenzake walitengeneza PAP iliyobadilishwa ambayo haikuziharibu ribosomu za tumbaku, lakini bado iliwazuia virusi. Baadaye ikaonekana kwamba PAP inaweza pia kung'oa herufi kwenye RNA ya baadhi ya virusi moja kwa moja. Kwa hiyo silaha hii inaweza kuwa na makali mawili. Hata hivyo lile la kuzima ribosomu halikufutwa.

JAMAA WALIOKO HUKU KWETU

Msidhani ni mambo ya Marekani na Japani peke yake. Phytolacca ya Afrika Mashariki ni Phytolacca dodecandra, ambayo hukua nyanda za juu kuanzia Ethiopia na kushuka huku kwetu. Waethiopia huiita endod, na kwa vizazi vingi wametumia vitunda vyake kufulia nguo. Mwaka 1964, huko Adwa, mwanasayansi Aklilu Lemma aliona konokono wamekufa pale chini ya mahali wanawake walipokuwa wanafua mtoni. Konokono hao hubeba kichocho. Kutokana na macho yake hayo na ujuzi wa wale akina mama ukazaliwa utafiti mrefu, na mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa tuzo ya Right Livelihood. Kinachoua konokono ni saponini, yaani ile sabuni ya vitunda. Lakini mmea huo huo ulikuwa na siri nyingine: mwaka 1984 watafiti wa Texas walitoa kwenye majani yake protini inayofanana sana na PAP, wakaiita dodekandrini. Nayo inazima ribosomu.

Na mbarika wenyewe? Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti mkubwa wa jenomu uliolinganisha sampuli 505 za mbarika kutoka duniani kote. Mibarika ya mwituni ya Afrika Mashariki ndiyo ilionekana kuwa karibu zaidi na mababu wa yote, na ya Kenya ilitofautiana waziwazi na ya Ethiopia. Walikadiria mmea huu ulianza kulimwa kama miaka 3,200 iliyopita. Gugu la shimo la taka Mghange, basi, ni wa ukoo wa wenyeji kabisa.

Ukoo ni mkubwa kuliko unavyofikiri. Bogenvilia inayopamba nyua za Voi ina protini za aina hii kwenye majani. Hata punje ya mahindi ina moja, ambayo huhifadhiwa ikiwa imezimwa na huwashwa punje inapoota. Msiogope ugali! Ni kuonyesha tu kwamba mimea mingi ilichagua njia hii.

KWA NINI SI DAWA YA DUKANI

Hapa ndipo swali la mjomba linapodai jibu.

Ushahidi wa kwamba kuzima ribosomu kunaweza kuwa dawa upo, na uko mikononi mwa Duggar yule yule wa tumbaku. Alipokuwa mzee zaidi ya miaka sabini, akifanya kazi kwenye maabara za Lederle, alipata kwenye vijidudu vya udongo dawa ya aureomisini, iliyotangazwa mwaka 1948. Ndiyo ya kwanza katika ukoo wa tetrasaiklini, vidonge ambavyo kila mtu Kenya amewahi kuviona. Na tetrasaiklini inafanyaje kazi? Inaibana ribosomu ya bakteria! Mtu mmoja, mwaka 1925 na mwaka 1948, alishika silaha mbili zinazopiga mashine ile ile, na enzi zake hakuna aliyejua hivyo.

Moja imekuwa dawa ya mamilioni, nyingine haikuwa. Kwa nini? Kwa sababu ribosomu ya bakteria ni tofauti na yetu vya kutosha, kwa hiyo kwa kipimo sahihi tetrasaiklini inamuumiza mgeni na kumwacha mwenyeji. Kirusi hakina ribosomu yake. Kinatumia ya kwako. Ukiizima, umeizima ya kwako.

Wamejaribu kulizunguka tatizo hilo. Mwaka 1990 jarida la Nature lilichapisha kazi ambapo PAP ilifungwa kwenye kingamwili zinazotambua seli ambazo VVU hupenda kukaa, na uzalianaji wa kirusi ukapungua maabara. Majaribio madogo kwa watu yalifuata miaka hiyo ya 1990. Mpaka leo hakuna dawa ya PAP ya VVU kwenye duka lolote. Mwaka 1993 waliingiza jeni ya PAP kwenye tumbaku na viazi, mimea ikahimili virusi vya aina kadhaa, lakini iliyotoa PAP nyingi ilidumaa. Bei ya kinga ilikuwa afya ya mmea.

Wana-kompyuta mtakumbuka Aprili 2010. Programu moja maarufu ya kupambana na virusi vya kompyuta ilipokea sasisho lenye kosa, ikalichukua faili halali la Windows XP kuwa kirusi na kuliondoa. Kompyuta duniani kote zikawa zinajizima na kujiwasha bila kikomo. Kwenye mashine zile kirusi kisingeweza kufanya lolote, ni kweli. Lakini hata mwenye mashine hakuweza.

KINACHOTUUMIZA

Sicheki hofu ya mjomba. Virusi si hadithi kwetu. Mwaka 2018 popo mmoja alinaswa milima ya Taita, na mwaka 2019 ikatangazwa kwamba alikuwa na kirusi cha Bombali, jamaa wa Ebola. Haijathibitishwa kwamba kinawaumiza watu, lakini jina Ebola likitajwa kijijini, nani atalala?

Na pale panapo hofu, hukosi mwenye chupa. Mwaka 1990 nchi hii ilitangaziwa Kemron kwa mbwembwe kama tumaini la UKIMWI. Majaribio yaliyofuata, ya Uganda yakiwemo, hayakuona faida. Mwaka 1996 ikaja Pearl Omega ya mitishamba, nayo ikapigwa marufuku. Mwaka 2011 Wakenya walivuka mpaka kwa mabasi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, na wapo walioacha vidonge vyao nyumbani. Kila mara msingi ulikuwa chembe ya kitu cha kweli: molekuli ya kweli, mti wa kweli, imani ya kweli. Kilichokosekana ni swali moja: kinafanya kazi kwa njia gani, na kinamgusa nani mwingine?

Sisemi mimea yetu ni bure. Aklilu Lemma ametuonyesha kwamba ujuzi wa mama anayefua mtoni unaweza kufundisha maabara. Wala simwambii mtu auogope mbarika. Mafuta yake yaliyokamuliwa na kusafishwa vizuri hayana risini, kwa sababu protini haiyeyuki kwenye mafuta, hubaki kwenye mashudu, na joto la usafishaji huiharibu. Lakini mbegu mbichi iliyotafunwa au kutwangwa ni jambo jingine kabisa, na chungu cha jikoni si kiwanda cha kuaminika cha kuondoa sumu. Mtoto akizitafuna mpelekeni hospitali mara moja, msisubiri dalili. Huenda zisionekane kwa saa kadhaa, na dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo hakuna. Madaktari husaidia mwili ujipiganie, kwa hiyo kuwahi ni muhimu.

Jioni ile nilimpigia mjomba nikamweleza hayo yote, kuanzia cherehani hadi herufi iliyong'oka. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Kumbe ni kuchoma nyumba ili kuwatoa kunguni."

Nikamwambia, hasa, mjomba. Mmea una majani elfu, ukiteketeza chumba kimoja bado una nyumba. Wewe una mapafu mawili.

Akaniambia mbegu alizokwisha kuziokota atazitupa chooni, kabla wajukuu hawajaziona. Kisha akauliza, "Lakini nyanya yako alijuaje?" Hilo sikuwa na jibu lake. Yeye hakuwahi kusikia neno ribosomu. Nadhani zamani mtu fulani wa ukoo wetu alimzika mtoto, na tangu siku hiyo katazo likapita mdomo kwa mdomo hadi kwetu. Nasi tukadhani ni ukali wa wazee tu.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata kama nilivyoahidi. Mkae salama, na mkiwa na mbarika nyuma ya nyumba, waelezeni watoto sababu pamoja na katazo.